Loisi Matonya na Nyumba ya Wagonjwa wa Reli

Wasikilizaji wapendwa, popote mlipo, habari za jioni. Jumanne iliyopita, hapa Dodoma, tulimzika Bibi Ruthu. Ametutoka akiwa na miaka tisini na mitatu. Miezi michache kabla ya kifo chake alinikaribisha kwake, akanipa uji, akaniambia: "Mwanangu, siku nikiondoka usinisifu mimi redioni. Simulia habari za mama yangu." Basi jioni hii tunamkumbuka mama yake, Loisi Matonya. Loisi Matonya, mwanamke wa Mvumi, aliyeomba msaada kwa ajili ya wagonjwa wa reli, enzi za Mjerumani.

Ilikuwa mwaka 1910. Reli ilikuwa imefika Dodoma, na kazi ilikuwa ikisogea magharibi. Loisi alikuwa na umri wa miaka ishirini hivi. Mume wake, Mazengo, alikuwa kibarua wa reli. Siku moja Loisi akajitwika unga wa uwele, akatembea kutoka Mvumi hadi Dodoma kumpelekea mumewe chakula. Alifika kambini siku ya pili, jua likiwa kali. Akakuta mabanda yamebomolewa na watu wamehama. Kwenye kibanda kimoja kilichobaki palikuwa na wanaume wanne wamelala chini.

Mmoja wao aliitwa Msafiri, mtu wa Tabora. Mguu wake ulikuwa umepondwa na jiwe lililorushwa na baruti. Msafiri ndiye aliyemwambia.

"Mazengo tulimzika siku tatu zilizopita, dada. Homa."

Loisi akakaa chini. Kisha Msafiri akamwomba maji. Bibi Ruthu alinieleza hivi: "Mama alisema hakuwa na moyo wa huruma siku ile. Alikuwa na hasira tu. Lakini unga ulikuwepo, na mwenye unga alikuwa amekufa. Akawapikia wale wanne."

Wasikilizaji wapendwa, hakurudi Mvumi.

Karibu na kambi palikuwa na tembe, nyumba ya udongo yenye paa bapa, lililoachwa na wenyewe. Loisi aliwahamishia wagonjwa humo. Akaja Mwanahawa, mama wa Kondoa aliyekuwa akiwapikia vibarua. Wakaja na wengine, hata wakafika wanawake saba. Wakristo walikuwemo, Waislamu walikuwemo, na waliofuata mila za wazee wao pia. Walichota maji, walitwanga, waliosha vidonda. Na wagonjwa waliongezeka, kwa sababu habari za tembe lile zilifuata njia ya reli. Kufikia kiangazi walikuwa kumi na wanane. Mvua haikuwa imenyesha vizuri mwaka ule, na vihenge vya nafaka vya majirani vilikuwa karibu vitupu.

Hapo ndipo Loisi alipoanza kuomba. Alianza bomani. Karani wa boma hakumfukuza. Alimwambia, "Mama, maneno ya mdomo hayapelekwi kwa Bwana Mkubwa. Lete barua." Loisi hakujua kuandika. Akamwendea Mwalimu Gideoni, aliyewafundisha watoto wa misheni kusoma, akamwomba amwandikie. Gideoni akauliza, "Niandike mnataka nini?" Loisi akasema, "Andika tuna watu kumi na wanane na chungu kimoja."

Gideoni akaandika barua tatu. Boma likawapa ruhusa ya kuchota maji kwenye kisima cha stesheni na kuokota kuni. Misheni ikawapa dawa ya homa na vitambaa vya kufungia vidonda. Barua ya tatu ilikwenda kwa mkandarasi wa reli, mzungu mmoja ambaye jina lake Bibi Ruthu hakulijua. Mkandarasi akajibu kwa barua, akakubali kutoa gunia la mtama kila wiki. Kwa watu wenye njaa, huo ulikuwa msaada mkubwa kuliko yote. Ila ulikuja na sharti.

Sharti lilikuwa hili. Gunia lingetolewa iwapo tembe lile lingehudumia vibarua wenye vipande peke yao. Kipande ni ile karatasi ya kazi, inayoonyesha siku ambazo mtu amefanya. Asiye na kipande asiwemo. Na mle ndani, kati ya watu kumi na wanane, wenye vipande walikuwa kumi na mmoja. Saba hawakuwa navyo. Wengine walikuwa wapagazi wa misafara ya zamani, wengine walikuwa wamepoteza karatasi zao.

Karani wa mkandarasi, kijana wa pwani aitwaye Bashiri, alitazamiwa kuja kukagua. Mwanahawa akatoa shauri. "Tuwatoe wale saba asubuhi, tuwalaze kule kichakani. Akishaondoka tunawarudisha. Nani atajua?"

Loisi alisita. Lakini alitazama chakula kidogo kilichobaki, akakubali.

Asubuhi wakawabeba wale saba kwa mikeka. Bashiri alipaswa kufika mapema. Akachelewa. Jua likapanda, kivuli cha kichakani kikaondoka, na hakuna aliyethubutu kutoka kuwatazama, wasije wakaonwa njiani. Bashiri alifika adhuhuri. Akahesabu kumi na mmoja, akaandika, akaondoka. Loisi akakimbia kichakani. Sita walikuwa hai. Mpagazi mmoja mzee, aliyekuwa na kifua kibovu, alikuwa amekwisha kata roho.

Siku ya pili gunia likafika. Bibi Ruthu alisema: "Mama aliupika ule mtama, kwa sababu watu walikuwa na njaa. Yeye mwenyewe hakuula wiki ile."

Wiki mbili baadaye Bashiri alirudi kukagua. Safari hii Loisi hakumficha mtu. Alimpokea mlangoni.

"Karibu, karani. Ndani utakuta kumi na saba. Sita hawana vipande. Mara ile tuliwaficha kichakani, na mmoja alifia huko. Alikufa kwa sababu ya sharti lenu, na kwa sababu mimi nililikubali. Kama gunia linakatwa, likatwe."

Mwanahawa alikuwa nyuma yake, ameshika mdomo. Bashiri akaingia. Alizunguka mkeka hadi mkeka. Alipotoka alifungua daftari lake.

"Mimi nimetumwa kuhesabu wenye vipande," akasema. "Wenye vipande ni kumi na mmoja. Wasio navyo sikutumwa kuwahesabu."

Akaandika kumi na mmoja. Gunia halikukatwa.

Lakini baada ya miezi minne mkandarasi alihamia mbali magharibi, na msaada ukakoma. Loisi hakungoja tajiri mwingine. Alipita vijijini wakati wa mavuno, kaya kwa kaya, akiomba kibaba kimoja cha nafaka kwa kila nyumba. Kibaba hakikuwa na sharti. Kwa vibaba hivyo tembe lile liliendelea hadi vita vya Mjerumani na Mwingereza vilipowatawanya. Msafiri alipona, akarudi kwao akitembea kwa mkongojo. Loisi aliolewa tena, akazaa, akazeeka Mvumi.

Bibi Ruthu aliwahi kumuuliza mama yake kama alijuta kuomba kwa watu wale. Mama alijibu: "Kuomba sikujuta. Ninachojuta ni yule mzee. Alikaa kwetu miezi miwili, nikimlisha kwa mkono wangu. Barua haikuuliza jina lake, na mimi pia sikuuliza."

Wasikilizaji wapendwa, kwa watoto na wajukuu wa Bibi Ruthu, hapa mjini na kule Mvumi, tunawapa pole nyingi. Mungu awatie nguvu, na ampumzishe mama yetu. Nanyi mlio kwenye vikundi, mnaoandika maombi ya ufadhili wiki hii, naomba mfikirie jambo moja kabla ya kutia saini. Someni sharti hadi mwisho, kisha muulizane ni nani atakayetolewa nje. Na mkishamjua, mtajeni kwa jina.