Nilimpeleka Nasma Kusini

Sogeeni hapa, wanangu. Abdulkarimu, niinue mgongo uniegemeze ukutani, maneno haya sitaki kuyasema nikiwa nimelala. Nasra, kaa hapo mlangoni. Na wewe Honorata, njoo mbele yangu nikuone uso. Nimeswali adhuhuri kwa kuashiria kwa kichwa tu, lakini akili yangu ni timamu, na atakayesema kesho kwamba mzee alikuwa akiweweseka, mkatalieni.

Mali yangu ni ndogo, haitawagombanisha. Nyumba hii ya Ujiji ni ya Abdulkarimu na Nasra, mwiteni shehe awagawie kama dini yetu inavyoelekeza. Shamba la Kidahwe lenye michikichi halizidi theluthi ya nilicho nacho, nalo nimemuusia Honorata, kwa kuwa yeye hatarithi kwa damu, na sikumlea miaka yote hii nije nimwache mikono mitupu. Mashua iliyoko Kibirizi imeoza ubavu mzima; msiitengeneze kwa ajili ya kunikumbuka, pasueni mbao mpikie. Na fundi Nuhu aliyeiunda, mwambieni nimemsamehe naye anisamehe, maana tulinuniana miaka tisa kwa sababu alisema mbele ya watu kwamba chombo changu ni kitanda chenye tanga. Kusema kweli kilikuwa kinafanana.

Ninyi mlikuwa wadogo, hamjui vizuri jinsi mama yenu na mimi tulivyoishi. Sote wawili tulikuwa walimu, na kila shule zilipofungwa, Juni na Desemba, tuliwaacha kwa bibi yenu, tukapakia sufuria, unga, mablanketi mawili na chandarua, tukapandisha tanga na kuambaa na ukingo wa ziwa. Watu walitushangaa. "Mwalimu Hamdani, mnakwenda kuvua?" Hapana. "Mnapeleka biashara?" Hapana. "Sasa mnakwenda wapi?" Kutembea tu. Walicheka mpaka wakashika mbavu, mtu na mkewe wanatembea juu ya maji! Lakini mimi sijapata raha duniani kuzidi ile ya kumwona Nasma ameshika usukani, kitenge amekifunga kiunoni, anaimba nyimbo za shuleni, jioni tunateremka Mtanga au Mwamgongo tunanunua migebuka kwa wavuvi, tunaichoma mchangani. Alikuwa hodari wa usukani kuliko mimi. Hilo nalo sikuwahi kumwambia.

Desemba ya mwaka tisini na tatu tulikwenda Kagunga kama kawaida yetu, tukakuta ufuko hauonekani kwa watu. Burundi kulikuwa kumechafuka, wamekimbia na magodoro na watoto, nyuma yao mlima, mbele yao maji, barabara hakuna. Nasma akaniambia, "Baba Abduli, likizo imekwisha, kazi imeanza." Tukawa tunabeba wagonjwa na wenye watoto kuwaleta Kigoma, wanane kila safari, siku nzima ya upepo kwenda, siku nzima kurudi.

Safari ya tatu, mama mmoja kutoka Nyanza-Lac, jina lake Spesiyoza, alitukabidhi binti wa miaka mitatu mwenye homa kali. Yeye mwenyewe hakupanda. Mumewe alikuwa bado anateremka mlimani, akasema atamsubiri, watakuja safari itakayofuata. Binti huyo ni wewe, Honorata. Ulilia mpaka sauti ikakauka. Upepo ukatugeuka, tukakaa Kigoma siku nne, na tuliporudi hatukumkuta. Wengine walisema alichukuliwa na boti nyingine, wengine walisema alirudi mlimani kumtafuta mumewe.

Majirani walitaka tukupe jina la Kiislamu. Nasma akakataa kabisa, akasema, "Mama yake atamtafuta kwa jina hilo hilo." Na likizo zetu zote baada ya hapo zikawa za kumtafuta. Kila kituo cha boti alishuka, akaenda kwa wanawake wanaofua, akauliza: hamjamwona Spesiyoza, mama yake Honorata?

Haya mnayajua. Sasa nitasema msiyoyajua. Nipeni maji kwanza.

Mwaka tisini na tano, wewe una miaka mitano, unaniita baba, unalala na Nasra kitanda kimoja, alikuja mwanamume hapa mlangoni. Nasma alikuwa sokoni na ninyi. Akasema anaitwa Gervasi, ni mdogo wake Spesiyoza, dada yake yu hai, amerudi Nyanza-Lac, na amesikia kwamba kuna mwalimu wa Ujiji anayemlea Honorata. Nilimtazama. Viatu vyako vilikuwa kizingitini, nikavisogeza nyuma kwa mguu. Nikamwambia, "Umekosea nyumba, ndugu yangu, hapa hakuna mtoto wa jina hilo." Akasema, "Urakoze, mwalimu." Akanishukuru! Akaondoka.

Nilisema uongo kwa sababu Nasma angekurudisha siku ile ile, na mimi nisingeweza kuistahimili nyumba bila wewe. Sina sababu nyingine, na sitaitafuta nyingine leo.

Nasma aliendelea kutafuta, na mimi, niliyejua kwamba mama yako yuko kaskazini, nilimpeleka kusini. Ilagala, Mgambo, likizo baada ya likizo. Aliniuliza, "Mbona hatuendi tena Kagunga?" Nikasingizia upepo. Alishuka mchangani akiuliza wanawake jina lile, nami nimekaa chomboni nikikunja tanga ambalo lilikuwa limeshakunjwa. Alikufa bila kujua. Mwenzangu wa miaka thelathini na minne nilimdanganya ndani ya chombo kimoja.

Mwezi huu watu wamejaa Kagunga tena, meli inawaleta Kigoma, wanalazwa uwanja wa mpira. Nasra anauguza pale. Nilimwomba aulize kama yumo mama wa Nyanza-Lac aliyeacha binti Kagunga mwaka ule. Asubuhi hii amerudi na jibu. Nasra, inua uso. Mwambie mdogo wako.

Umesikia, Honorata. Yuko pale, amezeeka, lakini yu hai. Usinishike mkono. Chukia ukitaka, una haki, ila chukia ukiwa njiani. Ondoka sasa, usingoje nife, usingoje mazishi. Mimi nimekuzuia miaka ishirini, nisikuzuie hata saa moja zaidi. Ukifika mwambie kwamba Nasma hakujua, na kwamba alikutafutia mama kweli kweli. La kwangu nitaliomba msamaha mwenyewe, Mungu akinipa siku. Asiponipa, niombeeni ninyi.

Abdulkarimu, nizike kando ya mama yako, na sanda... sanda iko kwenye sanduku. Msifanye karamu. Mwenyezi Mungu awape afya, awape watoto wasemao kweli, asiwatenganishe ninyi watatu... Nasra, mshike mkono, nenda naye.

Abdulkarimu... nilaze sasa. Macho yameniingia giza.

Wameshatoka?

Wote wawili?

Alhamdulillahi.