Uzi Ulipita Sindanoni

Sogeeni, wanangu, na wewe kifungua mimba zima hiyo redio, maana kifua hiki hakinipi muda wa kurudia maneno. Cherehani ziko mbili, kila mtu na yake, na meza ya kukatia msiigawe. Hayo yamekwisha. Linaloninyima usingizi ni macho.

Mnakumbuka kila asubuhi nilivyokuwa natunga uzi kwenye sindano nyembamba kuliko zote, mara moja tu, nanyi mnapiga makofi. Hicho ndicho kilichokuwa kipimo changu. Daktari aliponiambia presha ya macho imepanda, nilimcheka, nikatunga uzi mbele yake, na dawa ya matone ikakaukia kabatini. Sikujua kwamba ugonjwa ule hula pembeni kwanza, katikati ukapaacha mpaka mwisho. Nikawa natunga uzi vizuri huku najigonga milangoni, namtukana marehemu mama yenu kuwa anahamisha viti. Hakuna kiti kilichohamishwa. Alikufa sijamwomba radhi.

Nilipomrudia daktari nimeshakuwa kipofu, ndipo aliponieleza kuwa chembe hai za mshipa wa fahamu wa jicho zikibanwa haziozi wala haziumi. Zina amri ndani yake, tumezaliwa nayo, ile ile inayotenganisha vidole vya mtoto tumboni kwa kuua nyama iliyo katikati, nazo zinaitii, zikajikunja na kufa moja moja. Nikamuuliza, hazishoneki? Akasema, "Mzee, zikifa zimekufa." Na akasema ugonjwa huu hurithiwa.

Sasa wewe kitinda mimba, binti yangu, unayejitapa kwa wateja kuwa unatunga uzi hata taa ikififia, jana nilikusikia ukijigonga kwenye meza ile ile, mara mbili. Chukua sindano, tunga. Umepita? Nilijua utapita. Usiondoe macho hapo. Hili ni bega lako, na sasa nimeinua vidole pembeni ya uso wako. Ni vingapi?

"Vidole gani, baba?"

Basi. Shusha sindano, mama.

Kaka mtu, umesikia. Kesho duka lisifunguliwe. Mpeleke, nawe upimwe, na matone ayatie kila siku hata kama hakuna maumivu... Kilichokufa hakirudi, binti yangu, hilo siwezi kukudanganya. Kibakie kilichobaki. Mungu akuachie uone... hata upana wa mlango. Nipe mkono. Uko upande gani? Nipe...