Kabureta Iliyokwenda Mnero

Sogeeni hapa karibu, wanangu, maana sauti yangu haifiki tena mlangoni. Huzaifa, wewe mkubwa, kaa upande wa kichwa; Saada, acha huo uji upoe wenyewe, njoo unishike mkono, na asiwepo wa kunikatiza kwa kuniambia mama pumzika, kwa sababu huko ninakokwenda kupumzika ndiyo kazi pekee iliyopo. Sikilizeni nikiwa bado na akili zangu, ili kesho mtu asije akasimama kwenye matanga akasema Biasha alisema hivi, Biasha alisema vile.

Mikorosho ya hapa Mandawa, ya bondeni na ile inayopakana na zizi la Masanja, itagawanywa kama dini inavyotaka; shehe anaujua mgao na mimi siuingilii. Masanja msigombane naye. Alipohamia hapa na ng'ombe wake kutoka Usukumani watu wengi walinuna, lakini ng'ombe wake wakiingia shambani yeye mwenyewe huja kusema kabla hujamfuata, na mtu wa namna hiyo ni jirani. Kanga na vyombo vyangu ni vya Saada, Huzaifa ameridhia mbele yangu. Linalobaki ni ile mashine ya kupulizia salfa, na hilo ndilo nililowaitia.

Marehemu baba yenu Mbaruku aliileta mashine ile mlipokuwa wadogo. Kabla yake tulikuwa tunakodi kwa watu, na mwenye kukodi hupuliza wa mwisho, maua yakiwa yameshaliwa na ubwiri unga, ule ukungu mweupe. Alipoivaa mgongoni mara ya kwanza, asubuhi majani yakiwa na umande, akavuta kamba ikanguruma na salfa ikapanda mpaka kileleni, nilisimama nyuma yake nimejifunga kanga puani nikajiona mke wa mtu. Akanionyesha namna ya kuitunza, nami nikashika. Oili hutangulia kwenye dumu, petroli ikafuata, ukatikisa. Haikadiriwi kwa jicho. Salfa ni mlaji, hula chuma kama chumvi, kwa hiyo ukimaliza kupuliza unaifuta kila pembe na kukung'uta chujio la hewa. Msimu ukiisha unamwaga petroli yote, unaiwasha mpaka izime yenyewe kwa njaa, maana petroli iliyolala ndani ya kabureta masika nzima hugeuka gundi. Kitunze kikutunze. Niliifunika kwa kanga yangu ya harusi nikaiweka chumbani, na baba yenu alicheka akasema mashine ile inalala pazuri kuliko yeye.

Kisha akaoa Mnero. Sitasema alikosea, dini imempa ruhusa, na Amna alikuwa mjane mwenye mikorosho mingi na hana wa kuipuliza. Dini inamtaka mwanamume afanye uadilifu baina ya wake zake, na Mbaruku alijitahidi: kanga kwa kanga, mchele kwa mchele, na mwaka uliofuata akanunua mashine ya pili, jina lile lile, rangi ile ile, akaipeleka kule. Nilinyamaza. Mwenye kovu usidhani kapoa, lakini nilinyamaza.

Uadilifu ulikuja kuvunjikia kwenye spea. Watu wa dukani waliacha kuleta vifaa vya mashine zile, Ruangwa hakuna, Nachingwea hakuna, na mashine ya Mnero ilikuwa haikomi kuharibika. Siku moja asubuhi baba yenu akashuka kwenye pikipiki, na kabla hata hajanisalimia vizuri akaniambia, "Mama Huzaifa, naazima plagi yako. Ya kule imekufa."

Nikampa. Msimu uliofuata akaja kuchukua kamba ya kuwashia. Halafu akaja kuchukua kabureta.

"Na mimi nitapuliza na nini?" nilimuuliza.

"Nitakupulizia kwa ile ya kule, nikimaliza Mnero naileta."

"Kwa nini tusianze na hapa, halafu ndiyo ipelekwe Mnero?"

Akasema, "Usiwe na wivu, Biasha. Ni chuma tu."

Wanangu, mimi ndiye niliyekuwa nampa spana. Alikuwa amechutama hapo uani, mashine yangu iko juu ya gunia, ananyoosha mkono bila kuangalia nami nampa spana ya kumfungulia mwanamke mwingine kifaa changu, nilichokisugua kwa mswaki. Kila mwaka alikuja mara mbili, mara moja kuchukua na mara moja kuleta mashine ya kule ije kupuliza masalia ya maua yangu. Ilifika nikawa naijua siku aliyoamkia kwa Amna kwa kusikia mlio wa mashine tu, unaguna kama mtu aliyeshiba cha mwenzake. Yangu ikabaki injini, tangi na mkanda wa mgongoni. Niliendelea kuifuta salfa. Huzaifa, wewe uliwahi kunicheka ukasema mama unaosha maiti, nami nilikupiga kofi, nalo ulistahili.

Baba yenu akafia Mnero. Homa ya kifua ilimkuta kule akiwa anapuliza, na simu iliponifikia alikuwa ameshakata roho. Nilipofika walikuwa wameshamwosha. Amna amekaa katikati ya mkeka, wanawake wote wamemzunguka, wanampa maji, wanamfunika mabega. Mimi, mke wa kwanza, mama wa watoto wake, nikaonyeshwa nafasi karibu na mlango kama shangazi aliyetoka mbali. Wakamzika palepale, ubavuni mwa mama yake, maana asili yake ni kule, na upande wa pili wa kaburi ukabaki mahali pa mtu mmoja, kisha ni mzizi wa mkwaju. Kila aliyekuwepo alijua mahali pale panamsubiri nani. Nami nilirudi Mandawa nikakaa eda peke yangu na injini isiyo na kabureta.

Huzaifa ameteseka na mashine ile, na nasema mbele yake ili asidhani sikuona. Alitembea Masasi, akatembea Lindi na Mtwara, akatuma picha kwa simu Kariakoo, wakamletea kwa basi kabureta inayong'aa ambayo matundu ya bolti hayakukutana. Kwa hiyo mwanangu, usitafute spea kwa picha wala kwa jina, chukua chuma kibovu chenyewe ukiweke juu ya meza ya muuzaji, akipe mwenzake. Mwaka jana tukapuliza kwa mashine ya kuazima, kwa kuchelewa, na mmeona maua yalivyogeuka majivu mpaka sokoni tukaenda na vigunia vya kuaibisha.

Mwaka huu maua yakianza kuchungulia, Saada akaniaga anakwenda kwa shoga yake Ruangwa. Kumbe akapanda bodaboda akaenda Mnero kwa mama yake mdogo, Amna. Saada, usiinamishe kichwa, sijakukaripia. Alipofika akakuta kule nako kumekufa: mtu waliyemtuma alitia petroli tupu bila oili, pistoni ikang'ang'ania ndani ya silinda mpaka ikachubuka. Yaani Mnero kuna kabureta haina injini, na Mandawa kuna injini haina kabureta, na kila nyumba inatazama maua yake yakifunguka.

Juzi Amna akaja mwenyewe. Nilimwona akiinama kupita mlangoni, ameshika kifurushi cha kitambaa, amezeeka naye, nikafurahi kuona amezeeka. Akakaa hapo alipokaa Saada.

"Dada, pole na maradhi. Nimekuletea kabureta."

"Kabureta ni yangu," nikamwambia. "Hukuniletea. Umenirudishia."

Akasema, "Sawa. Nimekurudishia." Akafungua kitambaa, plagi na kamba yangu navyo vimo. Niliishika kabureta, nikaigeuza, na wanangu, ilikuwa chafu. Mdomoni ina ukoko wa salfa, ndani petroli imeganda. Nikamwambia, "Uliilaza na petroli."

Hapo ndipo alipokasirika. Akasema, "Hayo hayo. Miaka yote nimeishi na hayo hayo. Mbaruku akiishika mashine kule kwangu anasema ya Biasha ingewaka mara moja. Chujio likiziba, Biasha asingeliacha hivi. Unadhani kwa nini kila kitu kilitoka kwako? Ni kwa sababu changu kilikuwa hakishikiki. Mimi nilikula naye, nikamuuguza, na kila siku nilikuwa nakusikia wewe kinywani mwake."

Nitawaambia ukweli kwa sababu sina muda wa uongo. Maneno yale yaliniingia vizuri kuliko dawa zote mlizoninywesha. Kwamba yule mwanamke naye alilala macho wazi kwa ajili yangu, kule kwake, na mume yuko pembeni yake. Sikumwonyesha. Nilimwomba tu Saada anilaze vizuri nimtazame.

Kisha Amna akaomba alichokuja kuomba, tuunganishe, kabureta na injini ziwe mashine moja ya nyumba mbili, la sivyo mwaka huu hakuna atakayevuna. Nikamwambia nina sharti langu.

"Sema, dada."

"Nizikwe Mnero, pale kando yake."

Mlikuwepo, mlimwona. Alishika ukingo wa kitanda. Alisema polepole, "Pale nimepapanga mimi. Nimekuwa nikipafagia."

"Najua. Lakini mimi natangulia."

Nilimngoja akatae. Nilitaka akatae, wanangu, nilikuwa na maneno nimeyaweka tayari tangu siku ile ya mlangoni, ningemwambia kabureta, ningemwambia kamba na plagi, na mkeka. Akainuka akaenda uani, akakaa huko, mimi nahesabu pumzi zangu tu. Aliporudi macho yake yalikuwa mekundu. Akasema, "Chukua, dada. Mimi nilimpata siku za mwisho. Wewe kaa naye," akavaa kanga yake vizuri akaenda kumsaidia Huzaifa kusafisha kabureta kwa mswaki, anamuuliza kila kitu kinavyofanywa, kama mtoto wa shule.

Basi kuanzia juzi silali. Nimepata nilichokitaka na silali. Nimemwonea wivu Amna kwa mume, kwa mashine na kwa mkeka, na sasa namwonea wivu kwa jambo hili la kutoa, maana ametoa kitu ambacho mimi nisingekitoa hata nikichinjwa, na ameondoka hapa mkubwa kuliko mimi. Siwezi kwenda kaburini nikiwa nimezidiwa na yule mwanamke. Nipeni maji.

Hayo yatosha. Sasa shikeni ninavyosema. Jana mliiwasha nikaisikia. Inakohoa kidogo ikianza, ule mpira mwembamba wa ndani ya kabureta umekakamaa, Huzaifa, tafuta mwingine mapema, usingoje ukatike katikati ya kazi. Mashine hii hakuna wa kuiuza, wala kuihesabu kwenye mgao, wala kuifungulia kifaa kukipeleka kwingine. Iende nzima au isiende. Kila msimu ukiisha ilale Mandawa, mikononi mwa Saada, kwa sababu Mnero hawajui kuilaza. Na mwaka huu ianze Mnero. Umenisikia, Huzaifa? Maua yangu yasubiri. Ipulize mikorosho ya Amna yote, mpaka ya pembeni, ndipo irudi hapa. Akikuuliza kwa nini, mwambie mama alisema. Asije akadhani ni yeye peke yake anayeweza.

Masanja amekubali gari lake linipeleke Mnero. Msinicheleweshe barabarani, na msiweke turubai lenye petroli karibu na sanda. Kuniosha, Amna awepo. Sikusema anioshe... awepo tu, amwage maji.

Saada, mkono wako uko wapi. Haya. Mungu awape mvua kwa wakati wake na umande kwa wakati wake. Awape wake na waume wasiowagawa vipande. Radhi yangu mnayo, wote wawili, na mama yenu mdogo... mpeni salamu. Mwambieni ni salamu tu.

Oili kwanza, Huzaifa. Petroli ndiyo ifuate.

Nifunikeni miguu.