Kete Sitini na Nne

Kijiwe chetu kipo mkabala na stesheni ya Mpanda, katikati ya cherehani yangu na jiko la Verdiana muuza kahawa. Benchi lenyewe ni taruma la reli, alilileta Mzee Damiano alipostaafu. Alilileta vipi, mimi sijauliza na wewe usiulize. Ndiyo maana tunamwita Reli. Mpinzani wake wa bao ni Kalisti, tunamwita Redio kwa sababu hana betri lakini matangazo hayaishi. Mwaka huo wa sabini na tano ilikuwa kampeni ya Kilimo cha Kufa na Kupona, kila mtu anaongea shamba, hata mimi niliyepanda mchicha kwenye debe. Na habari ya mji ilikuwa moja tu: Fabiani, Bwana Shamba wetu, kijana mpole anayejua mpaka maradhi ya bamia, alikuwa na siku ya tatu anazunguka na baiskeli, Magamba hadi Misunkumilo, anapiga hodi na kuomba kuchungulia maharage ya watu.

– Kwangu kaja asubuhi, alisema Verdiana akimimina kahawa. Kaomba nimfunulie chungu. Nikafunua. Kaangalia, kashukuru, kaenda zake. Hata kijiko hajaonja.

– Serikali hiyo, alisema Reli. Wanataka kujua nani anakula maharage matupu na nani anaweka nyama. Cheza, Redio. Na urudishe kete yangu.

– Kete gani?

– Shimo hili lilikuwa na tano.

– Mzee, mwenye macho haambiwi tazama.

– Si ndiyo nimetazama, mwizi wewe!

Redio hakutikisika. Alipuliza kahawa yake, akashusha sauti kama anayesoma taarifa ya habari.

– Fabiani anaoa. Kule Katumba, kwa wakimbizi Warundi. Baba wa binti kakataa ng'ombe, anataka maharage ya rangi saba. Wahenga walisema, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

– Mtoto kaingiaje hapo? nilimwuliza.

– Atazaliwa, Fundi. Kwani watu wanaoa ili iweje?

– Acheni utoto, alisema Reli. Hiyo ni dhahabu. Mgodi wetu wa hapa ulipofungwa, ule mchanga wake ulikwenda wapi? Mashambani. Mzizi unanyonya. Ndiyo maana ukipika maharage yanazama chini ya chungu.

– Maharage yote yanazama, mzee wangu!

– Basi tumeshakula utajiri wa nchi, alisema Redio, akajishika tumbo kwa huzuni.

Verdiana hakucheka.

– Nyie chekeni. Mimi nimemwona usoni, yule kijana hapati usingizi. Alinifundisha kulima kitunguu, na kwa kitunguu hicho binti yangu Pelagia anasoma. Akija hapa mtamsalimia kwa adabu.

Hakumaliza vizuri, Fabiani huyo. Baiskeli anaisukuma, na kando yake mwanamke wa makamo, miguu ina vumbi mpaka magotini.

– Shikamooni wazee wangu. Huyu mama ni Gaudiose, wa Katumba. Nimekuja kuomba msaada wenu.

Verdiana alimkalisha mgeni, akampa kikombe. Fabiani alibaki amesimama.

– Mwaka jana mama huyu alikuwa na mbegu za maharage mchanganyiko, kila rangi. Mimi nikamwambia hizo ni za kula tu, auze. Apande aina moja, ile yangu ya ofisini, inayoiva kwa pamoja. Akanisikiliza.

– Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, Redio alidakia.

– Huyu kasikia, Mzee Kalisti. Na guu limevunjika.

Redio akainamia kikombe.

– Mvua ilizidi, ugonjwa wa kutu ukaingia kwenye majani, alisema Fabiani. Aina moja, ugonjwa mmoja, wiki mbili shamba limekwisha. Zile zake, hii ikiugua ile inasimama. Aliniambia, nami nikajifanya mjuaji. Aliziuza hapa hapa sokoni. Natafuta kama kuna hata kiganja kimoja kilichobaki.

Yule mama aliongea polepole, Kiswahili chake kina Kirundi ndani.

– Mama yangu alinifungia mbegu hizo kwenye kitenge siku tunakimbia. Akasema, wewe tangulia na mbegu, mimi nakuja. Huu mwaka wa tatu.

Hakunywa ile kahawa. Alikuwa anaangalia bao. Alinyoosha mkono, akachukua kete moja, ya zambarau yenye jicho jeupe, akaisugua kwenye kitenge mpaka uchafu wetu ukatoka.

– Hizi mmezitoa wapi?

Nani aseme? Komwe zetu, zile mbegu za kuchezea bao, zilipopungua mpaka mchezo ukashindikana, Reli alikwenda sokoni akanunua kopo la maharage, akachagua kwa uzuri wa rangi. Miezi minane tunayarusha mashimoni, tunatukanana juu yake. Reli alivua kofia. Akaliinua bao taratibu, akazimimina zote kwenye kitenge cha mgeni. Fabiani alihesabu. Hamsini na nane.

– Bao linataka sitini na nne, alisema Reli, bila kumtazama mtu.

Redio alikohoa. Akaingiza mkono mfuko wa koti, akatoa nne. Akainama, akavua kiatu, akatoa mbili. Miezi minane Reli amesubiri siku hiyo, nami nikakaa tayari kwa matusi.

– Asante, ndugu yangu, alisema Reli.

Nilijifanya natunga uzi kwenye sindano. Machozi yalinitoka, sikatai.

Gaudiose alifunga fundo la kitenge, akainua uso.

– Bwana Shamba, zitaota?

Tukamgeukia sote. Mtu yule hajawahi kukosa jibu, umwulize nyanya, umwulize chungwa.

– Sijui, mama. Zimeshikwa sana na mikono ya watu. Zipande unavyojua wewe, zote pamoja. Mimi nitakuja kupalilia, sitasema kitu.

Redio akavaa kiatu chake. Verdiana alitikisa birika, halikuwa na kitu. Reli akaligeuza bao kifudifudi juu ya taruma.

– Kesho tuokote kokoto, alisema.