Bi Consolatha na Vitabu vya Madunguni

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio, na aliye jikoni apunguze moto kidogo. Leo tunamkumbuka mtunza maktaba. Jina lake Consolatha Ndunguru. Alifariki mwezi uliopita hapa Kibiti, akiwa na miaka sitini na mmoja. Narudia kwa aliyechelewa kufungua: Consolatha Ndunguru, mtunza maktaba ya mji wetu mdogo wa Kibiti.

Alikuja kutoka Songea, kufundisha elimu ya watu wazima. Mumewe alikuwa mganga wa zahanati. Alipofiwa naye, ndugu walimwandikia arudi nyumbani. Hakurudi. Alikuwa amekabidhiwa maktaba, chumba kimoja chenye madirisha mawili, rafu nne na benchi moja lililoyumba. Kila asubuhi alifagia kinyesi cha popo, akafuta meza, akafungua daftari la wasomaji. Kila anayesoma lazima atie saini mwenyewe. Hilo halikuwa na mjadala.

Sasa tuingie mwaka wa tisini na mbili, enzi za ruksa. Maduka yalikuwa yanafunguliwa kila kukicha, na kila chumba chenye bati juu kilitafutiwa mpangaji. Mfanyabiashara mmoja akaitaka maktaba aifanye ghala la saruji. Mwenyekiti wa kamati ya majengo, Mzee Hemedy, akaenda kumwona Bi Consolatha.

"Mama, chumba kinalala hiki. Wanaosoma humu ni mchwa."

"Ungeniambia mapema, mzee, nao ningewaandika."

Mzee Hemedy alicheka, lakini hakubadili neno. Mwisho wa likizo ya Juni, kamati italifungua daftari. Likiwa na wasomaji, maktaba itabaki. Likiwa tupu, Bi Consolatha alete ufunguo. Ndivyo ilivyokuwa, wasikilizaji wapendwa: daftari au ufunguo.

Na Juni mnaijua. Mpunga unaiva, ndege hawana huruma, na nguruwe hawalali. Watu walikuwa wamehamia mashambani, upande wa Ruaruke, wanaishi kwenye madungu, vile vibanda vyetu vya juu ya nguzo. Watoto nao walikuwa hukohuko, wanaamia ndege wasile mpunga. Mjini palibaki kimya.

Binti yake, Elina, alikuwa mwanafunzi wakati huo. Anasimulia: "Mama alikaa mezani siku tatu peke yake. Siku ya nne akafunga katoni ya vitabu nyuma ya baiskeli. Nikamwuliza, mama, unahama? Akasema, maktaba ndiyo inahama, mimi naisindikiza."

Akaenda dungu kwa dungu. Aligawa vitabu, akaahidi kurudi baada ya wiki, na yeyote atakayekuwa amesoma atatia saini. Wote waliitikia vizuri. Alirudi mjini jioni, miguu imejaa tope, moyo mweupe.

Baada ya wiki akarudi. Dungu la kwanza lilikuwa la Bi Mwamini, mkulima wa Ruaruke, mwanamke wa maneno mengi. Bi Mwamini akafungua sanduku lake. Akatoa kanga, na ndani ya kanga kulikuwa na kitabu. Safi. Kinanukia udi.

"Umekisoma?"

"Wee! Amana ya mtu niitie vidole? Hesabu kurasa zako, zote zimo."

Dungu la pili, vivyo hivyo. La tatu, vivyo hivyo. Watu walikuwa wamevificha vitabu sandukuni kama wanavyotunza mali ya msafiri. Hakuna aliyekosa adabu, na hakuna aliyesoma hata mstari. Wiki nzima imepotea, na daftari jeupe.

Bi Consolatha alikaa kwenye ngazi ya dungu. Elina anasema mama yake alimwambia baadaye kuwa pale ndipo alipotaka kulia. Hakulia. Alikichukua kitabu cha Bi Mwamini, akakifungua, akaanza kusoma kwa sauti. Kilikuwa kisa cha mwanamke aliyechonga mtumbwi wake mwenyewe huku kijiji kizima kinamcheka. Watu wa madungu ya jirani wakasogea. Ndege wakashuka kwenye mpunga, Bi Mwamini akarusha tonge la udongo bila kugeuza shingo. Mtumbwi ukafikishwa majini. Bi Consolatha akafunga kitabu.

"Ee! Ukaelea?" akauliza Bi Mwamini.

"Jibu limo humo."

"Mngoni wewe, una roho mbaya!"

"Basi soma, mtani wangu. Na kikirudi safi, sikipokei."

Alifanya hivyo kila dungu. Alisoma, akakatiza pale patamu, akaondoka. Wiki iliyofuata vitabu vilikuwa na masizi, mafuta ya nazi, na makapi ya mpunga katikati ya kurasa. Na daftari likaanza kujaa.

Siku ya kamati ikafika. Karani, kijana mgeni kutoka bara, akafungua daftari akakunja uso. "Mwenyekiti, hizi si saini. Ni michoro. Na vitabu vyenyewe vimeharibiwa."

"Havikuharibiwa," alisema Bi Consolatha. "Vimesomwa."

Mzee Hemedy akalivuta daftari. Watu wa madungu walijua kusoma herufi za aina mbili, lakini mkono wao ulizoea zile za Kiarabu za chuo cha Kurani, za kulia kwenda kushoto. Mle ndani ya kamati, yeye peke yake ndiye aliyezijua. Akaanza kusoma kwa sauti. "Mwamini binti Shaabani. Mrisho Khamisi. Swaumu…" Akalisogeza daftari karibu na macho. "Sikujua binti Hemedy. Huyu Sikujua ni dada yangu, Hemedy ni baba yetu. Huyu amesoma vitabu vitatu!"

Alisoma majina yote, ukurasa baada ya ukurasa. Alipomaliza, alimwambia karani aandike: maktaba inabaki. Saruji ikatafutiwa ghala lingine.

Wasikilizaji wapendwa, tangu hapo kila likizo ya Juni baiskeli ile ilikwenda Ruaruke. Miaka sita. Mwaka wa mwisho aliiendesha akiwa tayari mgonjwa, na aliyemkataza alijibiwa vibaya.

Siku ya tatu ya msiba, Bi Mwamini alifika na kitu ndani ya kanga. Elina akanyoosha mikono apokee.

"Sirudishi," alisema Bi Mwamini. "Zimebaki kurasa nne. Mama yako hakuwa anapokea kisichomalizwa."

"Basi malizia hapa, mama."

Akakaa mkekani, kidole chini ya mstari, akasoma polepole, kwa sauti. Wanawake waliokuwa wanapepeta mchele wakasimamisha nyungo zao. Alipofika mwisho alifuta macho, akasema, "Nipe daftari." Elina akalileta. Akatia saini yake, kulia kwenda kushoto.

Tunampa pole Elina, wajukuu, ndugu walioko Songea, na watu wote wa madungu. Mungu awape nguvu. Nawe unayesikiliza, fungua sanduku lako leo. Kama kuna kitabu humo kimebaki safi, jiulize unamtunzia nani.

Likizo imeanza. Maktaba ya Kibiti itafunguliwa Jumatatu, saa mbili asubuhi. Jumatano baiskeli inakwenda Ruaruke. Ufunguo anao Elina.