Zulma Verschaffel na Shimo la Tisa

Wasikilizaji wapendwa, leo asubuhi nimepita langoni pa kiwanda cha zamani cha gesi, hapa mtaani kwetu Kolenkaai, mjini Ghent. Mtu ameweka kopo la bati chini ya nguzo ya kushoto. Ndani hamna maua. Mna supu.

Wengi wenu mtakuwa mmeelewa. Zulma Verschaffel alifariki Jumanne, nyumbani kwake, mkabala na lango hilo. Alikuwa na miaka themanini na saba.

Zulma hakuwa mhandisi. Hakuwahi kugombea udiwani. Alikuwa mshona mapazia. Lakini bila yeye, uwanja wa majani wanakocheza watoto wetu ungekuwa zege lililozungushiwa uzio. Habari hii naijua vizuri, na bado kila nikiisimulia nashangaa upya.

Mwaka 1959 Zulma aliolewa na Odiel, mfanyakazi wa kiwanda hicho. Kiwanda kilipata gesi kutoka kwenye makaa ya mawe, na mabaki yake yalikuwa lami nyeusi yenye sumu. Kazi ya Odiel ilikuwa kufungua koki ili lami ishuke shimoni. Kila adhuhuri Zulma alivuka barabara, akaingia langoni, akampelekea mumewe supu ya mtindi na shayiri katika kopo la bati. Kila adhuhuri, kwa miaka kumi na mmoja.

Kisha kiwanda kikafungwa. Mabomba ya moshi yakaangushwa, shimo likafukiwa, kampuni ikafa, na ramani zake hazikuonekana tena. Ukabaki uwanja mtupu. Wakati wa mvua, harufu ya lami ilipanda hadi kwenye vyumba vyetu vya chini.

Miaka saba iliyopita ikaja habari njema. Mfuko wa umma wa kusafisha ardhi za viwanda vilivyokufa ulikuwa tayari kutugharimia. Sharti lilikuwa moja: tuonyeshe sumu iko wapi. Tulipewa mashimo tisa ya kupima, na muda hadi mwisho wa Oktoba. Narudia, mashimo tisa. Tukikosa, fedha zingekwenda mji mwingine, na sisi tungemwagiwa zege juu ya sumu yetu.

Fundi wa kuchimba, Bavo, alitoboa saba. Yote yalitoa udongo mtupu.

Hapo Zulma akamwambia mwanawe, Gerolf, kwamba yeye anajua lilipokuwa shimo la lami. Gerolf hakufurahi. Jana, mezani jikoni kwao, alinisimulia maneno yao.

"Mama, unataka mji mzima umtaje baba kwa lami?"

"Baba yako aliambiwa afungue, akafungua. Mimi nilimletea supu apate nguvu za kufungua. Basi waanze kunitaja mimi."

"Amekufa, Mama. Mwache apumzike."

"Yeye apumzike. Wajukuu zake wanavuta harufu ya lami yake."

Kesho yake Zulma akaingia uwanjani, mikono mitupu. Alikuwa na miaka themanini. Akatembea, akasimama, akageuka huku na huku. Kila alichokijua kilikuwa kimebomolewa. Mwishowe akaonyesha mahali, Bavo akatoboa. Udongo mtupu. Shimo la nane likawa limekwenda.

"Usijali, Bibi," Bavo akamwambia. "Hata mimi nimekosa mara saba, na mimi nalipwa."

Zulma hakucheka. Alirudi nyumbani akakaa na koti lake mwilini. Gerolf anasema alikaa hivyo karibu saa nzima. Kisha akasema, "Nilitembea vibaya. Kule sikuwahi kwenda uso mbele."

Sikilizeni jambo hili, wapendwa. Upepo wa kule ulikuwa unatoka upande wa shimo la lami, umejaa vumbi la makaa. Kopo la Zulma lilikuwa limepoteza kifuniko. Kwa hiyo kila adhuhuri, akishapita langoni, aligeuka, akaupa upepo mgongo, akalikumbatia kopo kifuani. Akaenda kinyumenyume, miaka kumi na mmoja, akiitazama nyumba yake mwenyewe. Vitu vyote mbele vilikuwa vimetoweka. Lakini lango lilikuwapo. Nyumba ilikuwapo.

Asubuhi iliyofuata alirudi na kopo limejaa supu.

"Hiyo ya nani, Bibi?" Bavo akauliza.

"Ukipata lami, yako. Usipopata, naimwaga. Gerolf, nishike mabega nisianguke."

Na Gerolf, aliyekuwa amekataa, akamshika. Zulma akaanza kurudi nyuma, hatua ndogondogo, macho langoni. Mwanzoni tao la chuma juu ya lango lilificha paa la nyumba yake. Kadiri alivyorudi nyuma, paa likachomoza juu ya tao. Ikafuata dohani ya moshi. Zulma akaendelea. Dohani ikapanda, kofia yake ya udongo ikaonekana yote, na kandokando yake mstari mwembamba wa mbingu.

"Hapa," akasema. "Hapa ndipo Odiel alipokuwa ananiambia simama, nisitumbukie."

Bavo akatoboa shimo la tisa. Mita moja, udongo. Mita mbili, udongo. Kwenye mita ya nne chuma cha kutobolea kikapanda kimepakwa weusi unaong'aa, na harufu ikatufikia sote tuliokuwa barabarani. Hakuna aliyeshangilia. Bavo alivua kofia yake ngumu, akaipokea supu kwa mikono miwili, akainywa amesimama.

Fedha zilikuja. Udongo ule ulichimbuliwa na kuoshwa kwa miaka mitatu. Katika fomu ya mfuko, penye jina la shahidi, Zulma aliandika majina mawili: lake na la Odiel.

"Nilimshika mabega nikidhani namwongoza," Gerolf aliniambia jana. "Kumbe mimi ndiye niliyekuwa sijui tunakwenda wapi."

Gerolf, wajukuu, na jamaa wote, poleni sana. Mtaa mzima unaomboleza pamoja nanyi. Nasi wengine tujiulize: ni nini tunachokijua juu ya ardhi hii, ambacho tumekinyamazia kwa kumwonea mtu haya?

Mazishi ni Jumamosi, saa nne asubuhi. Jeneza litapitishwa langoni hadi palipokuwa shimo la tisa. Familia imeomba jambo moja tu. Tukifika pale, tugeuke, tuitazame nyumba yake.