Mama Kankindi Amegoma Kutoka

Nuhu aliona na macho yake mawili, na kama angekuwa na la tatu nalo lingeona: kule Kizuka mchwa walikula nyumba nzima, asubuhi ikabaki rangi ya ukuta imesimama peke yake, mwenyewe ndani anapiga mswaki. Ndiyo maana wanamwita Shahidi. Habari hiyo aliimwaga kwenye ubao wanapokaa wanywaji wa kahawa ya Wema, kando ya barabara ya Nyanza-Lac hapa Rumonge, huku wote wanatazama ng'ambo, kwa Melkiades. Vitu vyote viko uani: magodoro, madumu ya mawese, magunia ya samaki wa ndagala, kuku kwenye tenga. Mpuliza dawa ya mchwa amefika, na akiondoka leo harudi mpaka mwezi ujao, wakati paa limeshaanza kulala upande. Ila mama yake Melkiades, Mama Kankindi, ameketi mlangoni, ameshika fremu kwa mikono miwili.

Melkiades akavuka barabara, shati limelowa.

— Amahoro, wazee. Mama anakataa kutoka.

— Wewe mwanaume gani, unashindwa na mama wa kilo arobaini? aliuliza Abasi, anayeitwa Injinia kwa sababu aliwahi kubeba zege.

— Anasema hiki kitu anakijua. Zamani walitoa magodoro nje hivi hivi, akaambiwa ni siku mbili tu. Akazeekea ukimbizini Tanzania.

Abasi akakoroga kahawa isiyo na sukari.

— Basi tuinue nyumba na majeki ya lori. Dawa inapita chini, mama anakaa juu.

— Nyumba yenyewe imeliwa, alisema Wema. Utainua vumbi.

— Tumwage mawese pale ufukweni. Malkia wa mchwa akisikia harufu anahama na jeshi lote.

— Kizuka walipiga ngoma, Nuhu akadakia. Mchwa wakatoka kwa mstari, kila mmoja na godoro lake.

— Uliwaona?

— Niliwapisha njia.

Wema akacheka. Melkiades hakucheka.

— Shahidi, jana ulimwambia mama nini?

— Mimi? Nilimsalimia.

— Ulimwambia kuna mutu Kizuka alitoka dawa ipulizwe, akirudi anakuta watu wengine wamehamia kwake.

Nuhu akatazama ndani ya kikombe. Jana alikuwa na wasikilizaji wengi, na hadithi ilikuwa inataka mkia.

Mpuliza dawa, kijana wa Minago anaitwa Dusabe, alikuwa amekuja kununua kahawa, pompi ya dawa mgongoni.

— Kizuka nimepuliza mimi, akasema. Huyo mutu iko nani?

Injinia akamtazama Wema. Wema akamtazama Shahidi. Nuhu akaweka kikombe chini, akavuka barabara polepole, akachuchumaa mlangoni.

— Mama, yule mutu aliyekosa nyumba yake.

— Eh. Analala wapi siku hizi?

— Halali popote. Hayuko. Nilimtunga mimi.

Mama Kankindi akamtazama mpaka Nuhu akainamisha kichwa.

— Na wengine wa Kizuka, waliopuliziwa dawa?

— Walirudi kwao jioni. Hiyo muulize Dusabe, usiniulize mimi.

Mama akaachia fremu mkono mmoja, halafu wa pili, akaunyoosha ainuliwe.

— Nipeleke kwenye ubao wenu. Nitakaa pale mwisho, nione mlango wangu.